Kura Walinipa, Panga Nililichukua Mwenyewe

Mwanangu Kemilembe,

Umekwenda Bukoba tangu asubuhi kumuaga shangazi yako wa Miembeni, na najua hatakuruhusu urudi mapema. Atakulisha, atalia, halafu atakulisha tena. Baba yako yuko kwenye ujenzi. Nyumba imekuwa kimya mno, mabegi yako yamekaa pale sebuleni kama wageni wanaosubiri chai, nami nimeona niandike sasa hivi mchana, maana kesho stendi nitalia tu na hakuna la maana litakalonitoka.

Sikuandikii habari za blanketi wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo nimekuambia mpaka umechoka. Nataka kukujibu lile ulilosema juzi jikoni tukimenya ndizi. Ulisema, "Mama, uenyekiti ulikuchosha bure. Mimi naenda kuwa mtendaji wa kijiji, siendi kwenye siasa. Nitafanya kazi yangu, nikipata uhamisho naondoka." Nikanyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia na sikupaona, kwa sababu habari yangu unaijua nusu tu. Ulikuwa shule ya bweni, ukija likizo unakuta mambo yamekwisha kuharibika au yamekwisha kutengenezwa.

Unajua kwamba mimi si wa hapa. Nilizaliwa Kashozi, nikasomeshwa na masista, nikaolewa huku Muleba kwenye ukoo wa Walutheri ambao babu yao hakupenda hata kuniona. Nilikaa miaka mingi nikiitwa "yule wa Kashozi". Basi fikiria siku wanakijiji waliponichagua kuwa mwenyekiti. Mwanamke, tena mgeni, tena Mkatoliki aliyegeuzwa Mlutheri na ndoa. Kura zilipotangazwa pale shuleni wanawake walinibeba. Ndiyo, walinibeba kwelikweli, kiatu kimoja kikabaki uwanjani. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yako, "Sasa wamenikubali." Yeye alikuwa anasugua mwiko wake wa kujengea, akasema, "Wamekuchagua." Nilidhani amesema kitu kilekile nilichosema mimi.

Mwaka uliofuata ndipo mnyauko ukaingia. Unaukumbuka ulivyo: mgomba unaonekana mzima, halafu majani yanapauka na kulegea kama nguo zilizoanikwa, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata ndizi ndani imeoza, na ukikata shina linatoka tope la njano. Ulianzia kwenye vibanja vya kule bondeni, kwenye migomba inayozunguka nyumba za watu. Bwana shamba alikuja, kijana mpole mwenye pikipiki iliyokuwa ikizimikazimika, akatueleza vizuri sana. Mgomba ukiugua, kata shina lote, ng'oa, zika. Panga lako lipitishe kwenye moto kabla hujaligusisha mgomba mwingine. Ua dume liondoe kwa kijiti chenye panda, siyo kwa panga. Usipeleke machipukizi kwa ndugu. Kila alichosema kilikuwa kweli, Kemi, nataka ujue hilo. Hii si habari ya mtaalamu mjinga na wanakijiji wenye hekima. Alikuwa sahihi, nami nilikuwa sahihi, na bado tulishindwa.

Niliitisha mkutano mkuu. Watu wakajaa. Nikauliza, "Tunakubaliana kukata migomba yote inayougua?" Mikono ikanyooshwa yote, hata watoto wakanyoosha. Nikaona kazi imekwisha.

Wiki zikapita, hakuna aliyekata. Nikafikiri labda wanasubiri kuona kiongozi anafanya nini. Kibanja chetu kilikuwa na mashina machache yaliyoanza kupauka, nikawaita majirani waje washuhudie, nikayakata yote mbele yao pamoja na mazima yaliyokuwa karibu. Nilijisikia shujaa. Jirani mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini nikasikia, "Yeye ana mume fundi. Ataleta mchele." Wakaondoka. Unaona? Nilidhani natoa mfano. Wao waliona mtu anayeweza kumudu hasara anawaonyesha wasioweza jinsi hasara ilivyo rahisi.

Hapo nikapandwa na hasira. Hasira ya mtu aliyebebwa uwanjani. Nikajiambia, hawa walinichagua, walinyoosha mikono, na sheria ndogo ya kijiji ipo imepitishwa. Sasa watanitambua. Nikaenda ofisi ya kata, nikapewa mgambo, tukaanza kukata kwa nguvu. Na nyumba ya kwanza, kwa sababu ilikuwa karibu na barabara na ugonjwa ulionekana wazi, ilikuwa ya Ma Paulina.

Ma Paulina wewe unamjua kama bibi wa kukupa maparachichi. Wakati huo alikuwa mjane mpya, mumewe alikuwa amezikwa ndani ya kibanja chake, kaburi limezungukwa na migomba. Hakupiga kelele. Alitoa kigoda, akakaa mlangoni, akaangalia mgambo wakikata shina baada ya shina mpaka kaburi likabaki peke yake kwenye uwazi, saruji ikimulikwa na jua. Kisha akaniita.

"Mwenyekiti."

"Waitu, Ma," nikaitika.

"Mimi nilikupigia kura. Nilimwacha mtu wa ukoo wangu nikakupigia wewe."

"Najua, Ma. Ndiyo maana nataka kukuokolea kibanja."

"Kura nilikupa mimi," akasema. "Hilo panga nani kakupa?"

Nilisema sheria. Nilisema mkutano. Nilisema bwana shamba. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka na kigoda chake, akaingia ndani na kufunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango ili mtoto aliyelala asiamke.

Tuliendelea kukata siku kadhaa. Halafu nikaanza kuona jambo la ajabu: ugonjwa ulikuwa unapungua. Kila kibanja nilichopita kilikuwa kijani. Nikaandika taarifa nzuri ya kupeleka kata. Kumbe watu walikuwa wanaamka kabla sijapita, wanakata majani yaliyopauka na kuyaficha, mashina yenye ugonjwa yanabaki. Wengine waliogopa watanyang'anywa kila kitu, wakapeleka machipukizi kwa ndugu zao vijiji vya jirani. Mnyauko ukasafiri kwa miguu yetu wenyewe. Kabla ya mgambo, mtu akiona mgomba wake unaugua alimwambia jirani. Baada ya mgambo hakuna aliyemwambia mtu. Nilikuwa nimeifanya njaa ya kijiji kizima iwe siri.

Hayo ndiyo ya wakati ule uliporudi likizo ukilia kwamba wenzako wananiita Mama Mnyauko. Nilikuambia ni wivu wa watu. Haukuwa wivu.

Baba yako ndiye aliyenisukuma. Siyo kwa maneno mengi, unamjua. Jioni moja tulipokuwa tunakula alisema, "Leo nimepita kwa Ma Paulina kumwekea bawaba ya mlango. Anakula viazi vya kuombaomba." Akaendelea kula. Baadaye kidogo akasema, "Hajakutukana, Mama Kemi. Nilitegemea atakutukana." Chakula kilinishinda.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtuliza, lakini hakunipa nafasi, alinipa jembe. Alikuwa anapanda viazi pale palipokuwa na migomba. Tukalima. Tulipofika upande wa juu wa kibanja, akasimama, akaniuliza, "Unaona mpaka wangu na wa Ta Rwegasira uko wapi?"

Ta Rwegasira alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Nikaangalia. Sikuona mpaka. Migomba ndiyo iliyokuwa mpaka, safu yake ikiishia pale na safu ya shemeji ikianzia pale, nami nilikuwa nimeikata yote. Ulikuwa uwanja mmoja.

"Nimeshaambiwa," akasema, "kwamba kibanja kisicho na migomba si kibanja, ni pori la ukoo. Na pori la ukoo halina mjane."

Kemi, nilikaa chini palepale kwenye matuta. Mimi, mwanamke niliyeolewa kwenye ukoo wa watu, niliyelala usiku mwingi nikijiuliza baba yako akitangulia nitakaa wapi, sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke mwenzangu anaweza kukataa kukata mgomba kwa sababu hiyo. Niliambiwa hawataki kubadilika. Niliambiwa ni wabishi, wanapenda mno lubisi, pombe yao ya ndizi, hawaelewi elimu. Nami niliyaamini hayo haraka, kwa sababu yalinifanya mimi niwe anayeelewa.

Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba bila mgambo, na bila hotuba. Niliuliza jambo moja tu: ukikata, unaogopa nini? Mae! Nilisikia mambo. Wajane waliogopa mpaka kama Ma Paulina. Wenye watoto wadogo waliuliza watakula nini mpaka migomba mipya izae. Na wazee waliniambia habari ya mibuni. Zamani, kabla sijaolewa huku, walikuja watu wa serikali wakawaambia wang'oe mibuni ya zamani, wataletewa miche bora. Waling'oa. Miche ililetwa kiangazi, ikakauka yote. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kabisa, kama anayenifariji, "Walioahidi walihamishwa, mama. Sisi tulibaki."

Ndiyo maana juzi uliposema utapata uhamisho uondoke, kisu kilinisimama mkononi.

Sikuweza kumaliza hofu zote hizo. Nilichagua moja niliyoweza kuigusa. Niliwaomba wazee wa koo na majirani tutembee mipaka kabla ya mtu yeyote kukata kitu, tupande milamula, ile miti ambayo Mhaya yeyote akiiona anajua hapa ndipo pa fulani panapoishia. Tukaanza kwa Ma Paulina. Ta Rwegasira alikuja amevaa koti lake la kanisani. Tulipofika juu akasema mbele ya watu wote, "Wewe wa Kashozi, unajua nini kuhusu mpaka wa hapa?"

Zamani ningemjibu kwa cheo. Siku hiyo nilisema, "Sijui kitu, Ta. Ndiyo maana nimewaita wanaojua."

Kila mtu alikuwa anaangalia miguu yake, na mimi nilikuwa na hofu hasa, maana kama hakuna atakayesema, basi nimemwanika Ma Paulina mara ya pili. Hatimaye jirani wa upande wa chini, mzee ambaye hakuwahi kunipigia kura na alinieleza hivyo usoni, akakohoa. Akasema, "Rwegasira, tulipomzika kaka yako tulipita wapi na jeneza tukifuata mpaka wenu? Wewe ulikuwa mbele." Ta Rwegasira akatembea, pole pole, akapiga fimbo yake chini mahali fulani, akasema, "Hapa." Ilikuwa hatua chache ndani kuliko Ma Paulina alivyodai, na Ma Paulina alifungua mdomo akaufunga. Tukapanda mlamula pale. Haikuwa haki kamili. Ilikuwa haki iliyoweza kusimama, kwa sababu watu waliiona ikipandwa.

Baada ya hapo Ma Paulina mwenyewe aliwaendea wanawake wa bondeni, akawaambia kateni, lakini kwanza muutembee mpaka. Walikata. Siyo wote. Kina mama wa kanisa letu la Kilutheri na wa jumuiya za Kikatoliki wakakubaliana kugawana mbegu za maharage na viazi na wale waliobaki na ardhi tupu, nadhani hiyo ni mara ya kwanza nilipoona watu wa makanisa hayo mawili wakikaa pamoja bila kuwa msibani. Machipukizi safi yalichelewa mno kuja. Palikuwa na msimu mmoja mbaya ambao sipendi kuukumbuka. Lakini watu walianza tena kusema, "Njoo uone, wangu umeanza kupauka." Sentensi hiyo tu. Niliposikia mtu anaitamka barabarani, bila kuona aibu, nilijua tumepata kitu ambacho mgambo wangu walikiua na kingeweza kufa tena siku yoyote.

Na uchaguzi ukafika, nikashindwa.

Hilo unalijua, lakini hujui nilivyojisikia, maana nilikuficha. Nilishindwa na kijana wa Ta Rwegasira, Muganyizi, aliyepita akisema atakomesha ukatajikataji. Nilishindwa na watu ambao mimi ndiye niliyelima nao. Wapo waliokuwa wanakula ndizi za migomba mipya na bado wakampigia yeye kura, na nilijua kwa nini: hawakusahau nyumba ya kwanza. Mtu anaweza kukusamehe, Kemi, na bado asikupe tena panga. Nilikuja kuona kwamba walikuwa na haki hiyo. Lakini nilichukua muda kuona. Mwanzoni nilikaa ndani wiki nzima nikisema naumwa malaria.

Miezi haikuwa mingi Muganyizi akaja hapa nyumbani. Alisimama pale kwenye ngazi, kofia mkononi. Ugonjwa ulikuwa umerudi upande wa bondeni, kwenye zile nyumba ambazo hazikukata, na watu walikuwa wanamficha migomba inayougua.

"Mama," akasema, "wewe uliwaambiaje wale watu mpaka wakakubali?"

Nakuambia ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kumwona anahangaika. Nikamwambia, "Ulisema utakomesha. Komesha." Akaniaga kwa heshima akaondoka, nami nikarudi jikoni nikipiga vyungu. Nilikuwa na ushindi wangu mkononi: nikae tu, nisifanye kitu, kijiji kitaona nani alikuwa kiongozi wa kweli. Niliufikiria siku mbili. Kisha nikaona kwamba ili mimi nionekane nilikuwa sahihi, lazima migomba ya watu ife. Nikavaa mabuti nikamfuata.

Kuna watu waliniuliza kwa nini nilimsaidia aliyeniangusha. Nilimsaidia kwa sababu walimchagua. Hilo ndilo neno nililolipuuza lilipotoka mdomoni mwa baba yako, na nililijua maana yake siku lilipokuwa la mtu mwingine.

Sasa wewe unakwenda Singida, kwenye kijiji ambacho hakuna hata mmoja aliyekuchagua. Umeajiriwa. Barua yako ina muhuri, na muhuri ni kitu kizuri, lakini watu watakaokusikiliza siku ya kwanza hawatakuwa wanakuona wewe. Watakuwa wanamwona mtendaji aliyekutangulia na aliyemtangulia yeye, na kila aliyeahidi akahama. Utaona si haki. Utasema, mimi sijawafanyia kitu. Ni kweli. Usibishane nao sana juu ya hilo. Wakinyoosha mikono yote mkutanoni, ogopa kidogo. Akiwepo mmoja anayekupinga kwa sauti, mtafute baada ya mkutano ukakae naye, huyo bado anadhani unaweza kusikia. Na kama utahama, hama, mwanangu, wewe si mti. Lakini fanya kazi kama mtu atakayekutana nao sokoni hata baada ya kuhama.

Uliniuliza kama ilinichosha bure. Sijui nijibuje. Kijiji hakijabadilika kama nilivyoota siku ile niliyobebwa. Mnyauko bado upo. Wajane wengine bado wananyang'anywa mahali ambapo hatukufika. Naweza kukusimulia tu jambo moja, halafu nikaweke ndizi jikoni kabla hujafika.

Nilipomfuata Muganyizi, tulianza na mzee mmoja wa bondeni ambaye mgambo wangu walikata mkungu wake wa mahari, mkungu aliokuwa akiutunza kwa ajili ya kumposea mwanawe mke. Alitufukuza. Alitusimamisha kwenye mvua, akatuambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Njiani Muganyizi, mtu wa kukomesha ukatajikataji, akaniambia, "Mama, huyu hawezi. Nikachukue mgambo." Nilicheka mpaka nikashika mti. Nikamwambia, "Turudi keshokutwa." Tukarudi, akatufukuza. Tukarudi tena, hakutufukuza lakini hakutoka ndani, tulizungumza na mlango. Tulirudi mara nyingi nisizozihesabu, kiangazi kikaingia.

Halafu siku moja tukafika, tukabisha hodi kama kawaida yetu. Mzee akatoka. Alituangalia sana. Akaingia ndani tena, nikamwambia Muganyizi haya twende, leo pia hapana. Kabla hatujageuka akatokea amebeba viti viwili, akaviweka kivulini, akafuta vumbi la kimoja kwa mkono wake, akanielekezea mimi.

Hakukata mgomba hata mmoja siku ile. Tulikaa.

Mama yako,
anayekuombea.